Mashine Inayosikia Nia

Mtaani walimwita Bibi Mwangwi, na wala hakuchukia. Jina lilianzia kwa fundi saa wa ghorofa ya chini, aliyechoka kusikia gitaa likipigwa mara moja na kusikika mara nne. Siku moja alipanda ngazi kwenda kulalamika. Alifunguliwa mlango, akakalishwa, akapewa chai, akapigiwa muziki wa dakika ishirini na mbili, akashuka amesahau alichopandia. Tangu siku hiyo akawa anawaambia wateja wake kwamba juu pale anakaa bibi mmoja na mwangwi wake, na huo mwangwi una akili kuliko baadhi ya watu wanaomletea saa.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye miwani ya kamba shingoni, na hakuwahi kuolewa. Akiulizwa sababu alisema hakupata nafasi, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kozi ya jioni iliyompita. Gitaa lake lilikuwa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalopigwa kwa kucha. Kwa hiyo kucha za mkono wa kushoto alizikata hadi mwisho, na za mkono wa kulia alizifuga, akazisugua kwa tupa na msasa laini kila asubuhi kabla hata ya kunywa maji. Mkono huo wa kulia haukufungua kopo, haukusugua sufuria, haukuvuta zipu. Kaka yake alizoea kusema dada yangu ana mikono miwili, mmoja wa malkia na mmoja wa mtumishi.

Kwa miaka ishirini alipiga kama alivyofundishwa: mgongo wima, mguu wa kushoto juu ya kigoda, noti zilezile zilizoandikwa na watu waliokufa zamani. Alipiga kwenye hoteli watu wakila, akapiga harusini watu wakipigana picha, akapiga hata kwenye mazishi mawili. Alikuwa hodari, na alikuwa amechoka kufa. Alipofika miaka arobaini na mbili alijipatia kompyuta iliyokwishatumika, maiki ndogo ya kubana kwenye ubao wa gitaa na spika mbili, akajifungia ndani. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe kwenye meza ya chakula, kwa kukosea tu. Alichokitaka kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukipata: apige noti, mashine iishike palepale, iigeuze, iinyooshe, imrudishie ikiwa kitu kingine, naye aipigie jibu jingine juu yake.

Onyesho lake la kwanza lilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa wamekimbia mvua. Gazeti moja liliandika kwamba muziki ule ulifanana na friji inayokata roho. Alilikata lile tangazo la aibu yake, akalibandika kwenye mlango wa friji, na likakaa hapo mpaka likageuka manjano.

Taratibu watu wakazoea, kisha wakapenda, maana watu ndivyo walivyo. Alialikwa huku na huko. Akapata wanafunzi. Na alipofika miaka hamsini akatunga kazi iliyomtoa kimasomaso, akaipa jina "Majibu". Kabla ya hapo alikuwa akiiamuru mashine kwa pedali chini ya mguu: sasa jibu, sasa nyamaza. Katika "Majibu" pedali aliitupa. Mashine iliachiwa iamue yenyewe ni noti gani inastahili kujibiwa. Nyingine iliziacha zipite, kisha ghafla ikaichukua moja na kuijaza ukumbi mzima, na waliokuwepo walisema nywele ziliwasimama.

Kila mara kabla ya kuanza, Bibi Mwangwi alivua miwani akawaambia watu maneno yaleyale. "Mashine hii haisikii kelele. Inasikia nia. Nikipiga bila kumaanisha, inaninyamazia."

Watu walipiga makofi kabla hata hajashika gitaa. Naye hakuwa akiwapiga chenga. Aliamini kabisa.

Katika mwaka wa hamsini na tisa kiungo cha kidole gumba cha kushoto kilianza kumsumbua. Daktari alikitazama kwenye picha, akasema kimekwisha, hakitarudi, na apige gitaa taratibu kama mtu anayekula pilipili. Dakika tatu aliweza. Dakika ishirini na mbili zilikuwa ndoto. Na "Majibu" haikuwa na mtu mwingine wa kuipiga duniani. Ukumbi wa maktaba kuu ulikuwa umeshamwalika kwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naye akawaahidi kwamba kazi itapigwa, ila kwa mikono ya mtu mwingine. Asipopatikana mtu huyo, miaka tisa ya kazi ingelala ndani ya ile kompyuta kama nguo kwenye sanduku lililopotezwa ufunguo. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko kidole chenyewe.

Alikuwa ameshajaribu kurithisha mara moja. Miaka minane nyuma alikuwa na mwanafunzi waliyemwita Mrefu, kijana wa miaka ishirini na tano aliyelazimika kuinama mlangoni, mtulivu, mwenye vidole ambavyo mwalimu hukutana navyo mara moja akiwa na bahati. Bibi alialikwa miji miwili wiki moja, akataka Mrefu apige "Majibu" katika mmoja. Mrefu alifanya mazoezi miezi mitatu. Noti zote zilikuwa mahali pake. Lakini mashine haikumjibu. Alipiga kwa nguvu, akapiga polepole, akapiga jasho likimtiririka, mashine kimya. Ilimjibu labda mara mbili kwa saa nzima, na pasipotakiwa.

Siku ya mwisho Bibi Mwangwi alimwambia aweke gitaa chini. "Mashine haidanganyi, mwanangu," alisema. "Vidole unavyo, lakini vidole hata wapiga taipu wanavyo. Ndani yako hamna kitu cha kusema. Afadhali ukijue leo kuliko ukiwa na miaka hamsini."

Mrefu alilifuta gitaa lake kwa kitambaa, akalilaza kwenye mkoba wake, akasema asante mwalimu, akainama mlangoni akatoka. Hakurudi. Baadaye ilisikika ameacha muziki moja kwa moja, yuko kwenye duka la rangi. Bibi alijipongeza kwa kumwokolea muda. Kisa hicho akawa anawasimulia wanafunzi wengine, bila kutaja mtu, kuwaonyesha kwamba sanaa haina huruma.

Sasa akaja Mkaguzi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwajiriwa wa idara ya vipimo, ambaye mchana alizunguka madukani na sokoni na mkoba wa mawe ya kupimia akikagua mizani za watu. Wauza nyama wakimwona walianza kukohoa. Gitaa alilipiga tangu utotoni, kwa siri kidogo, kama wengine wanavyovuta sigara. Alikuwa na kucha nzuri ngumu, mkono imara, na kichwa kigumu zaidi. Kwa wiki tano alipanda zile ngazi kila alipotoka kazini, na "Majibu" aliishika yote.

Mashine ikamnyamazia.

Bibi Mwangwi alivumilia wiki nzima. Jumanne, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, alishika tama, akavua miwani, na yale maneno ya zamani yakamjia mdomoni yamepangwa tayari.

"Mwanangu, nitakuambia kitu kitakachokuuma," akaanza. "Mashine haidanganyi. Noti unazo, ila ndani..."

"Samahani mwalimu," akasema Mkaguzi. Hakuinua sauti. "Nani alisema haidanganyi?"

"Mimi nimeitengeneza."

"Ndiyo, na mizani ya mwuza samaki anaitengeneza fundi, na fundi ni mtu mzuri tu. Mimi kazini nikikuta mizani inampimia mtu mmoja vizuri na wengine wote inawakataa, siwaulizi wale wengine wana nini. Naifunga kwa lakiri. Kisha nauliza ilipimwa kwa jiwe gani."

Bibi Mwangwi akacheka puani. Hakuwa amezoea kujibiwa nyumbani kwake, tena na mtu aliyekunywa chai yake. "Hii si mizani."

"Inasikiliza, inaamua inatosha au haitoshi. Ni mizani. Naomba nusu saa, mwalimu. Tunabadilisha kitu kimoja kimoja."

Wakabadilisha kimoja kimoja. Mkaguzi alipiga gitaa la mwalimu: kimya. Mwalimu akapiga gitaa la Mkaguzi, noti kumi na mbili za mwanzo, kidole gumba kikimlalamikia: mashine ikajibu vizuri kama siku zote. Basi si gitaa. Wakabadilishana viti, wakahamisha maiki, wakafunga dirisha. Kila mara hali ileile. Bibi alianza kuketi wima zaidi, kama mtu anayeshinda kesi, na kusema kweli alikuwa anafurahi. Mkaguzi hakujali. Alivuta kiti karibu, akautazama mkono wa kulia wa mwalimu wake kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama chini ya sahani za mizani.

"Kucha ya kidole cha pete," alisema. "Hii si yako."

Kweli haikuwa yake. Siri hiyo Bibi alikuwa hajamwambia mtu, si kwa ubaya, ila kwa aibu ndogo za kike. Mwaka ule wa "Majibu" mlango wa gari ulimbana kidole cha pete, kucha ikang'oka, na iliyoota baadaye ilikuwa laini kama ganda la kitunguu. Wapiga gitaa wana dawa yao ya tangu zamani: unachukua mpira wa tenisi ya mezani, unakata kipande chenye umbo la kucha, unakibandika kwa gundi, unakisugua mpaka kinakaa. Miaka tisa alikuwa akifanya hivyo kila wiki mbili. Kwenye droo ya jikoni mlikuwa na mipira imetobolewatobolewa ambayo kaka yake alidhani ni kazi ya panya.

"Itoe," akasema Mkaguzi. "Tafadhali."

Bibi alichovya kidole kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, akasubiri, akakibandua kile kipande, akakiweka kwenye kisosi. Kidole kilionekana uchi. Akashika gitaa akapiga zile noti kumi na mbili, utunzi wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na alizimaanisha zote, maana sasa alikuwa na hofu.

Mashine haikujibu hata moja.

Akarudia. Aliegemeza shavu kwenye ubavu wa gitaa, akapiga kama aliyekuwa anaomba. Hakuambulia kitu. Spika mbili zilimtazama tu. Mkaguzi, aliyekuwa hajui aangalie wapi, akakoroga chai yake iliyokwishapoa na kukiweka kijiko kwenye kisosi. Kijiko kikalia *ting*, na mashine ikakichukua kile kilio kidogo, ikakigeuza, ikakinyoosha, ikakijaza chumba kizima, kirefu na kizuri kiasi cha kuliza mtu.

Basi kijiko kilikuwa na nia.

Kisa chenyewe hakikuhitaji mtaalamu. Wiki ambayo Bibi aliipima mashine na kuiwekea kipimo, kule mezani, ndiyo wiki aliyobandika plastiki kwa mara ya kwanza. Plastiki inagonga uzi kwa ukali kuliko kucha ya mtu, na sauti inaanza na ncha. Ndani ya programu mlikuwa na namba moja aliyoiandika kwa mkono wake, inayoiambia mashine ijibu ncha ya aina hiyo na kuendelea, na chini ya hapo isihangaike. Kwa miaka tisa mashine ilikuwa imesikiliza kipande cha mpira. Bibi aliitafuta ile namba, akaipunguza, akamwambia Mkaguzi apige.

Mkaguzi alipiga yote, dakika ishirini na mbili. Mashine ilimjibu kama maji yaliyofunguliwa njia. Mahali pengine palikuwa pazuri kuliko Bibi alivyowahi kupapiga mwenyewe, na siku nyingine angeona wivu. Mkaguzi alipomaliza alikuwa anacheka peke yake. "Tumepata, mwalimu. Jumamosi ile tunapiga." Ndipo akageuka na kuona mwalimu wake amekaa na mkono mdomoni.

"Kulikuwa na mwingine," Bibi alisema. "Kabla yako."

Duka la rangi alilijua miaka yote. Akipita barabara ile alizoea kutembea upande wa pili. Alhamisi saa tisa alasiri alivuka. Alikuwa amelala vibaya siku mbili, amejiandalia maneno, na mlangoni yakamtoka yote. Mrefu alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo, nywele zimeanza kurudi nyuma. Alikuwa akigongea kifuniko cha kopo kwa nyundo ya mpira. Kando yake mashine ya kuchanganyia rangi ilikuwa ikitikisa debe mpaka sakafu inatetemeka. Kucha zake zilikuwa fupi, mikono yote miwili.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kana kwamba walionana jana.

"Marahaba. Nimekuja kukuambia kitu, nacho hakichukui muda."

Akamwambia. Hakutia chumvi wala hakujitetea. Alisema kuhusu mlango wa gari, plastiki, ile namba, kijiko. Alisema ulikuwa ukipiga sawasawa. Alisema mashine ilikuwa haikusikii, na mimi nilikuwa na masikio mawili nikayaweka kando, nikaiachia mashine inisikilizie. Halafu nikakuambia ndani yako hamna kitu. Nilikosea. Mlikuwa na kitu.

Debe lilimaliza kutikisika. Mrefu alilitoa, akalifuta kwa kitambaa pole pole, akalipanga na mengine.

"Umejua lini?"

"Juzi Jumanne."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Najua."

Akaingia mteja akitaka brashi ya inchi mbili. Mrefu alimhudumia vizuri, akamshauri achukue na tapentaini, akamshukuru. Mteja alipotoka, aliendelea kuutazama mlango.

"Mimi nilikuamini, mwalimu," akasema. "Sikukasirika hata kidogo. Nilisema huyu ananijua. Siku nilipomwambia mke wangu tuoane, nilimtahadharisha kabisa. Nikamwambia, mimi ni mtu mtulivu, nafanya kazi, sinywi, lakini ndani hamna kitu, nimeshapimwa. Usije ukakitafuta ukakikosa."

Bibi Mwangwi alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hili hakujiandaa nalo. Alishika ukingo wa kaunta, akasema samahani, na neno lenyewe likawa dogo mno hata yeye akaliona.

"Nafunga saa kumi na moja," akasema Mrefu. "Kama unaweza kusubiri, twende nyumbani ukamwambie yeye. Mimi nikimwambia atadhani nimejitungia."

Akasubiri kwenye kiti cha plastiki kati ya makopo, karibu saa mbili. Mkaguzi alipiga simu kuuliza habari za mazoezi, akamwambia kesho. Kisha wakatembea, Mrefu mbele kidogo, akipunguza hatua kila alipokumbuka. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, pazia la kijani mlangoni, meza imejaa nguo zilizonyooshwa. Mke wake alikuwa akipiga pasi shati la kazini. Mrefu alisema huyu ndiye mwalimu, akapitiliza ndani kunawa mikono.

Mwanamke yule hakuizima pasi. Bibi Mwangwi alisema yote tena akiwa amesimama, mkoba mkononi, tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii sauti ilimkatika pale aliposema mlikuwa na kitu. Mke alinyoosha kola, akanyoosha mkono mmoja wa shati, akanyoosha wa pili.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule," alisema mwishowe.

"Ndimi."

"Miaka sita nina maneno yako nimeyaweka. Nikipiga pasi nayapanga. Nilisema nikikuona, hata kama ni sokoni, hata kama ni msibani, nitakupa yote." Akaisimamisha pasi. "Sasa umekuja umeyasema mwenyewe. Mimi nibaki na nini?"

Bibi akahamishia mkoba mkono wa pili.

"Mimi sikumwamini siku ile," mke aliendelea, sauti imeshuka. "Aliponiambia ndani hamna kitu. Niliona kabisa ananidanganya. Ila sikujua alidanganywa na nani." Akaondoa rundo la nguo kwenye kiti, akalibeba akalihamishia kitandani, akarudi. "Kaa, mama. Umesimama sana."

Akaketi. Mke naye akaketi, pasi ikapoa kati yao. Walimsubiri Mrefu atoke, na huko ndani maji ya bomba yakawa yanamwagika, yanamwagika, muda mrefu kuliko mikono miwili inavyohitaji kunawa, na hakuna kati yao aliyemwita.